Nafasi ya Msumari

Bi. Nyakerario alisema anataka deki.
Wekulo akacheka mpaka akashika mbavu:
kwao Webuye deki hupigwa kwa tambara na ndoo,
haijengwi.
Basi tukaiita baraza, na bei ikabaki ile ile.

Mkahawa wenyewe uko Kileleshwa, nyumba ya zamani ya vigae,
na nyuma yake kiwanja cha udongo mweusi,
ule udongo wa Nairobi usio na msimamo:
masika unavimba kama andazi,
kiangazi unapasuka, unameza hata funguo.
Tulichimba mashimo ishirini na manne
hadi sururu ikagonga mwamba, ikatoa cheche.
Hapo ndipo nikasema, mwaga zege.

Mbao nilizichagua mwenyewe Gikomba,
moja moja, nikizilenga kwa jicho moja kama mwenye bunduki.
Hii imepinda. Hii ina fundo. Hii bado inalia utomvu.

Kila saa nne mwenye mkahawa alikuja na kikombe chake.
"Fundi, mbona mnaacha nyufa?
Visigino vya wateja wangu vitanasa."
Nikamwambia, Mama, wahenga walisema
usipoziba ufa utajenga ukuta,
lakini wao walikuwa na habari za udongo.
Mbao hunywa maji. Mbao hunenepa.
Ukizibana leo bega kwa bega
mvua ya Aprili zitasukumana kama ndugu kwenye urithi
na hakuna skurubu itakayoziamua.
Kazi yangu mimi ni kuacha ufa,
ufa ulio sawa, kutoka ukutani hadi ngazini.

Kipimo changu kilikuwa msumari wa inchi nne.
Kichwa chake nilikisaga kwa tupa mwaka wangu wa kwanza wa ufundi
hadi kikalingana na shingo.
Unausimamisha kati ya ubao na ubao,
unafunga skurubu, unauchomoa, unasogea.
Magoti yanajua hesabu iliyobaki.

Siku ya mwisho ukapotea.
Safu tatu zimebaki, meza zinashushwa getini,
mpishi anajaribu jiko, harufu ya kitunguu imetufikia,
nami nikamgeukia Wekulo.
Nilisema neno. Nikaongeza la pili.
Skurubu ukiikosea unaizungusha kinyume, inatoka;
neno halina bisibisi ya kulitolea.
Alivua glavu, akaziweka juu ya pimamaji,
taratibu, povu lisihame katikati,
akaenda zake.
Safu zile tatu nilizimaliza kwa kukisia.

Leo nimeitwa. Ubao mmoja unalia karibu na mjakaranda.
Nimetambaa chini, tochi mdomoni.
Huku ni nchi nyingine:
sarafu za shilingi kumi, kipuli cha buluu,
vijiti vya meno, kadi ya maegesho,
maua ya mjakaranda yaliyogeuka rangi ya chai.
Juu yangu visigino vinapita. Hakuna kilichonasa.
Mtu anasema, "Lakini shamba ni la Mama pia,"
kiti kinaburutwa, halafu kimya,
halafu uma kwenye sahani.

Na pale, kando ya nguzo ya kumi na saba,
umesimama wima kwenye udongo uliopasuka,
msumari wangu, kutu mpaka utosini.
Haukuibwa na mtu.
Ulipita katika nafasi yake mwenyewe,
nafasi niliyoipima nao.

Simu iliita mara tisa. Hakupokea.
Nikatoka, vumbi mpaka kwenye kope,
mhudumu akaniuliza kama nimeona nini huko.
Kipuli, nikamwambia. Mtafuteni mwenyewe.

Nikang'oa ubao unaolia, nikaleta mpya,
nikapangusa msumari kwenye suruali,
nikausimamisha.
Nikafunga skurubu, nikauchomoa, nikautia mfukoni, ndani kabisa.
Nikampigia tena.